Maua ya Kipupwe na Kijembe cha Uani

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu. Ingekuwa ya kufutika, ningeshaifuta. Lakini Jumapili umenipigia simu ukaniamshia yote, kwa hiyo leo utatulia na utanisikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo mama mkubwa," ukasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ukaanza. "Yaani hii ishu ya maua imenichosha. Miezi saba majani tu! Na yule dada wa saluni kila akipita anayaangaliaga sana. Juzi kaniomba na kipandikizi. Mie najua tu, macho yake si mazuri."

Nikakwambia tutaongea. Jumatatu mdogo wako akanionyesha ulichoweka kwenye statasi yako: eti kuna watu macho yao yana kazi, wakiangalia kitu hakistawi. Hujamtaja mtu. Umeweka na kile kikatuni kinachocheka.

Nimechoka nanyi, sikufichi. Nilikupa vipandikizi sita, nimevikata mwenyewe kwa kisu kikali asubuhi, nikavifunga kwenye gazeti nililolilowesha, nikakuelekeza yote huku wewe unachezea simu. Nilikwambia haya si maua ya haraka. Dukani wanayaita krisanthemamu. Kwetu Lushoto mama yangu aliyaita maua ya kipupwe, kwa sababu yanangoja mpaka maua mengine yachoke ndipo nayo yajitokeze. Nilikwambia mchanga wetu huu wa Dar uuchanganye na samadi iliyooza, si ile inayofuka moshi. Nilikwambia mmea ukifika shubiri moja uukate ncha ili utoe matawi, na usiuonee huruma. Nilikwambia umwagilie shinani asubuhi, sio kuyaogesha majani kila jioni kama mtoto mchanga. Ulisema, "Nimeelewa mama mkubwa." Hukuelewa hata moja, na ningekusamehe hilo. Hili la statasi ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu mimi nililifanya kabla yako, na wakati huo hakukuwa na simu za kulifanyia. Tulilifanya kwa midomo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa, ninaishi hapa hapa Yombo kwenye nyumba hii unayoijua, ila wakati huo ilikuwa vyumba viwili na baraza. Baba yako mkubwa alikuwa karani bandarini. Jirani yangu wa upande wa kulia alikuwa Mama Fidelis, Mmakonde wa Newala. Mumewe alichonga vinyago vya mpingo nyuma ya nyumba, na yeye alikaanga maandazi kila alfajiri mbele ya mlango wake. Mtaa mzima ulikunywa chai kwa maandazi yale, na ndiyo yaliyowasomesha watoto wake, maana vinyago vilikuwa na msimu.

Ngoja nikwambie huyu mama alikuwa nani kwangu, ili ujue uzito wa nilichofanya. Nilipoletwa hapa sikumjua mtu. Yeye ndiye aliyenionyesha bomba lenye maji, duka lisilopunja na njia isiyo na mbwa. Nilipomzaa Zuhura, mama yangu alikuwa mgonjwa huko milimani, hakuweza kuja. Mama Fidelis akaacha shughuli zake akamwogesha mtoto wangu siku zote arobaini, na mimi mwenyewe akanikanda kwa maji ya moto. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na hakuna siku lilitupitia neno la kututenganisha.

Mwaka Zuhura alipoanza kutembea nilikwenda kumwona mama, nikarudi na mashina ya maua ya kipupwe kwenye kapu. Nilipanda mstari mzima mbele ya baraza. Yaliyobaki nikampa Mama Fidelis. Ni mashina yale yale, yamechimbwa siku moja kwenye shimo moja. Akayapanda kwenye madebe ya mafuta, akayapanga chini ya dirisha lake.

Mwaka huo huo tukaingiza umeme. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu mtaani kupata, na baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alivimba kichwa. Alinunua balbu ya wati mia akaitundika mbele ya baraza, juu kabisa ya maua yangu. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Uongo mtupu. Tulitaka watu waone. Balbu ile iliwaka tangu magharibi mpaka alfajiri, na swichi yake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mimi. Na mimi wala sikutaka kuigusa. Nilikaa barazani jioni nikichambua mboga chini ya ile taa, na nilikuwa najiona.

Masika yakapita, ubaridi ukaingia, na maua ya Mama Fidelis yakachanua. Mwanangu, yalichanua! Manjano, na mengine rangi ya kutu, madebe yote hayaonekani. Watu waliokuja kununua maandazi walisimama kuyashangaa. Yangu yalikuwa majani, tena majani mazuri, mabichi, yamefika kiunoni, ukiyaona unadhani nimelima mboga. Hata kitumba kimoja hakuna.

Nikaongeza samadi, nikazidisha maji. Nikayapa majivu, kwa sababu mtu fulani aliniambia majivu yanasaidia, na mtu yule hakuwa na hata ua moja kwake. Hakuna kitu. Na kila nikipita nje nasikia watu wakimsifu Mama Fidelis, na yeye, masikini, anawajibu, "Sio yangu haya, kanipa Mama Zuhura. Mie nimepanda tu." Alikuwa ananisifia mimi. Mimi nikasikia ananicheka.

Ningependa sana kukwambia kwamba kuna mtu alinitia maneno. Hakuna. Niliyapika mwenyewe kichwani mwangu, wiki nzima, nikiyatazama yale majani. Mashina ni yale yale, nikajiambia. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Basi kilichobadilika ni nini, kama si mtu? Nikakumbuka kwamba alipoyapokea aliyashika kwa mikono miwili akasema, "Yatapendeza haya." Nikaona huo ndio ushahidi. Sasa wewe niambie, mtu asiseme yatapendeza?

Ijumaa hiyo palikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wanawake tumekaa uani, sisi wengine tunachambua mchele, Mama Fidelis yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Stori zikaja zikaenda, mtu mmoja akaulizia maua yangu. Nikacheka. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika, huku nimeinamia ungo:

"Siku hizi mtu unampa kitu kwa moyo mweupe, kumbe anaondoka nacho pamoja na nyota yako."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Makubwa!" Mkono wa Mama Fidelis ukasimama juu ya nazi. Hakuinua uso. Baadaye kidogo akaendelea kukuna, polepole.

Unaujua mchezo wa kijembe, mwanangu, mmezaliwa pwani. Kijembe hakina jina. Anayekijibu anakuwa amekubali kwamba ni chake, na asiyekijibu anabaki nacho moyoni. Mama Fidelis alikuwa amefungwa pande zote, na nilijua. Ndiyo maana nilikirusha mbele ya watu badala ya kwenda kwake kumuuliza. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi iliyofuata niliona wanawake wawili wanapita mbele ya meza yake bila kusimama. Ikaisha wiki, wakawa wengi. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu hawakutaka tu chakula cha mtu anayechukua nyota za wenzake. Walisema wamechoka na mafuta, au watoto wanataka mkate. Maandazi yakaanza kudoda. Saa nne meza bado imejaa, na yeye amekaa nyuma yake anafukuza nzi. Na mimi nilimtuma mtoto wa nyumba ya nyuma mkate dukani, apite mbele ya meza ile.

Mwezi uliofuata mjomba wangu Hoza akashuka kutoka Lushoto, kaja mjini kutibiwa macho. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa mambo ya kuzungushana. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la maua huko kaskazini. Asubuhi ya kwanza nikamwekea chai na mkate. Akauliza, "Jirani yako anakaanga maandazi hapo nje, harufu imenijaa puani, unanipa mkate?" Nikamweleza habari yote ya maua na nyota, nikitegemea anionee huruma.

Alitoka na kikombe chake akaenda kuyashika yale majani, moja moja, karibu na macho yake mabovu. Akainua kichwa, akaiona balbu.

"Hii taa mnaizimaga saa ngapi?"

"Haizimwi, Mjomba. Hiyo ni ya ulinzi. Inawaka mpaka asubuhi."

Akasonya. Sijawahi kusonywa vile. Akaufuata mstari wa maua mpaka mwisho, palipokuwa na tangi letu la maji la saruji. Nyuma ya tangi kulikuwa na shina moja nililolisahau, limekaa kivulini, mwanga wa balbu haulifikii. Akanivuta mkono akaniinamisha. Shina lile, ingawa kivuli kimelichelewesha, lilikuwa na vitumba, vidogo kama choroko, vimejaa kila tawi.

"Unaona? Haya maua yanahesabu giza," akasema. "Yasipopata usiku mrefu hayatoi. Kule shambani tulikuwa tunayawashia taa kwa makusudi, bosi akitaka yachelewe. Wewe umeyawashia taa kila siku, halafu unatafuta mchawi! Huyo jirani ana umeme?"

"Hana."

"Basi ndiyo hivyo. Maua yake yamelala, yako hayajalala tangu mlipotundika huo ujinga. Haya, vaa kanga. Nenda kamwombe radhi sasa hivi, kabla hii chai haijapoa."

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea kweli kweli. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga unasameheka. Hili la pili nililifanya huku ninajua. Nilimwambia, "Ngoja kwanza, Mjomba. Tuzime taa tuone kama yatatoa. Isije ikawa sio taa."

Mzee akaweka kikombe chini. "Ulipomsema, ulihakikisha kwanza?"

Nikaenda jikoni kujishughulisha na masufuria. Alinipigia kelele mpaka siku aliyoondoka, na mimi nikawa nasema ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba, na siendi. Uso ungenishuka, mwanangu. Nilitaka niende na maua mkononi, yaniombee yenyewe. Na tena nilijipa moyo kwamba sikumtaja mtu.

Taa tukaizima. Baba yako mkubwa alinuna wiki mbili. Vitumba vilichukua zaidi ya mwezi kuonekana, na mwezi mwingine kufumbuka, kwa sababu joto la hapa linayachelewesha. Muda wote huo nilimwona Mama Fidelis kila asubuhi. Alipunguza unga. Kisha akawa anakaanga siku moja, siku mbili anapumzika. Nilikuwa na hatua kumi na tano tu za kutembea, na kila siku nilijiambia bado kidogo.

Yakachanua. Nikakata yaliyo bora, nikayafunga kwa uzi, nikavaa kanga mpya, nikatoka. Mlangoni kwake hapakuwa na meza. Mumewe alikuwa anapakia magogo ya mpingo kwenye mkokoteni.

"Mama Fidelis kishatangulia Pugu," akaniambia, hana hasira wala hana tabasamu. "Tangu juzi. Hapa palishamshinda, shemeji. Asubuhi anakaanga, mchana tunayala wenyewe. Fidelis tumemtoa shule, atarudi tukitulia."

Fidelis alikuwa darasa la sita. Nilisimama pale na maua yangu, nikatamani ardhi initoe machoni pa yule mwanaume.

Nilimfuata Pugu kesho yake. Nilimkuta anasuka ukili mbele ya chumba cha kupanga. Nililia, nikasema yote: kijembe, balbu, Mjomba, miezi miwili ya kungoja. Alinisikiliza. Akayachukua maua akayatia kwenye ndoo ya maji, kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kitu.

"Mie nilishakusamehe siku ile ile, juu ya mbuzi," akasema. "Nilijua una uchungu wa maua yako. Nilikuwa nakungoja tu uje. Ungekuja wiki ile, tungekaa wote mbele ya meza yangu, wewe ukala andazi moja watu wanakuona, ingeisha. Sasa wale uliowaambia, nani atawaambia?"

Nikasema nitawaambia mimi. Nikarudi Yombo, nikapita nyumba kwa nyumba. Unajua walinijibu nini? Wa kwanza alinitazama kwa mshangao kabisa. "Kwani ulimsema nani? Mbona sie hatukusikia jina?" Wa pili vile vile. Wa tatu akacheka akasema maandazi aliacha kwa sababu ya kiungulia. Uani pale tulikuwa wanawake zaidi ya kumi, na hakuna aliyekubali kwamba alielewa. Nilishindwa kulifuta neno ambalo kila mtu alilisikia, kwa sababu sikuwa nimelisema. Mama Fidelis hakurudi. Fidelis alirudi shule baada ya mwaka mzima, darasa la chini ya wenzake.

Sasa wewe. Picha uliyonitumia jana nimeikuza mpaka macho yakauma. Umechomeka taa nne za sola katikati ya maua yangu! Nne! Zinawaka usiku kucha, zinabadilika rangi, ndiyo mapambo. Halafu unalaumu macho ya dada wa saluni, binti wa watu aliyesimama kukusifia na kuomba kipandikizi. Ningekuwa karibu ningekufinya.

Zing'oe. Ukitaka ulinzi, ziweke getini, uzielekeze barabarani. Hayo yaliyorefuka usiyang'oe. Yakate ncha leo, kisha uyaache yapate giza lake. Yakishachanua na kunyauka, kata mashina yabaki urefu wa kidole, na usimruhusu mtu ayafagie wala kuyapalilia akidhani yamekufa, kwa sababu machipukizi yanatoka pembeni ya shina la zamani. Kila mwaka ugawe mashina uyahamishe. Ukiyatunza hivyo utakuwa nayo mpaka uzeeke, kama mimi.

Lakini hayo ya maua ni madogo. Futa ile statasi, ingawa kuifuta hakutoshi; walioiona wameshaiona, na wanamjua uliyemkusudia kuliko unavyodhani. Nenda saluni kwake, leo, watu wakiwepo. Mwambie, "Mie ndiye niliyeandika yale, nilikuwa nakusema wewe, na nilikosea." Mtaje jina. Ukiogopa kumtaja kwenye kosa, hutaweza kumtaja kwenye msamaha, na wateja wake watakwambia hawakusikia kitu. Kisha ukae kwenye kiti chake akusuke, ukae muda mrefu, mlango ukiwa wazi. Mpelekee na kipandikizi alichokuomba.

Na usiniambie ngoja kwanza tuone kama ni taa. Huenda si taa! Huenda ni wadudu, au ni ule uvivu wako wa kutokata ncha. Binti yule hahusiki kwa vyovyote, na hapaswi kukaa miezi miwili akiwa mchawi wa mtaa kwa sababu wewe unasubiri ushahidi. Ulipomtuhumu mtoto wa watu hukusubiri hata chai ipoe.

Nimesema kwa ukali kwa sababu nakupenda, na kwa sababu mimi nilikuwa na hatua kumi na tano tu za kwenda na sikwenda. Mungu akulainishie moyo na akupe miguu myepesi kuliko yangu. Akujaalie majirani watakaowaogesha watoto wako siku usipokuwa na mama karibu, na akujaalie wewe usimpoteze hata mmoja wao. Amina. Haya, saluni haijafungwa bado. Toka.